Siku Zuberi Alipoacha Utani

Kwa wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, au uliyekuta muuza vitumbua ameshafungia ukurasa wangu, nakusogeza kidogo, halafu twende.

Odete ni huyu mwanamke wa Shangani hapa Mtwara ninayewasimulia, mzaliwa wa Mahurunga, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kukimbia vita. Mume alimkimbia, banda lake la nguo likaungua, na binti yake wa pekee, Celia, akaacha chuo cha ualimu, akabadili dini na kuolewa na Rashidi wa Ziwani. Aliyepokea mahari ni Nelio, mdogo wake Odete, kwa kuwa ndiye mjomba mtu na kwetu huku mjomba ndiye mwenye kauli. Odete hakuulizwa. Akanuna, akasusa, akaacha kuongea na mdogo wake na binti yake. Hata alipoambiwa Celia ana mimba, alijibu "kheri yao" akaendelea kuchambua mchele.

Sasa nanyi mnajua, mimba ya kwanza mtoto hurudi kujifungulia kwa mama yake. Celia hakuthubutu kurudi Shangani. Alikwenda Mahurunga kwa bibi yake, bibi Graca, mama yake Odete.

Wiki jana tuliwaacha mlimani. Kikundi cha mazoezi, Amka Shangani, kilikuwa kimepanga safari: kushushwa na gari bondeni, kupanda kwa miguu ule ukingo wa Makonde mpaka Newala, kulala kwenye hosteli ya masista, na kesho yake kuzunguka kwenye magenge, ile miporomoko ya ukingoni, wakipiga picha. Odete alipelekwa kwa kuvutwa mkono na mwenyekiti wao, Latifa, shoga yake wa damu, aliyechoka kumwona anakonda kwa kinyongo. Na kweli mlima ulimsaidia. Pumzi zikiwa puani, jasho likimwingia machoni, moyo ulilainika. Akasema mbele ya wote: "Jumatatu nakwenda Mahurunga. Mwanangu atajifungulia mikononi mwangu."

Watu wakampigia makofi. Hapo ndipo tulipo.

Aliyepiga makofi mengi kuliko wote alikuwa Zuberi. Huyu ni mtoto wa mjomba wake Odete, binamu kabisa, na binamu kwetu ni mtani. Wawili hawa hawajawahi kuambiana neno la adabu tangu wangali wanacheza uchi mtoni. Zuberi humwita "mke wangu" mbele za watu, hata mbele ya mkewe mwenyewe, na mkewe hucheka tu.

"Mke wangu, jikaze," alikuwa anamwambia njia nzima. "Mlima unalalamika. Unauliza nani kaleta gunia la korosho."

"Wewe nyamaza, kifua chako kinapiga filimbi. Ukifa hapa nakuviringisha, ufike bondeni peke yako."

"Ukiniviringisha hupati urithi."

"Urithi upi? Zile ndara mbili za mguu mmoja?"

Kikundi kizima kilikuwa hoi kwa kicheko. Hivyo ndivyo walivyofika juu, mchana jua likiwa limeanza kupinda.

Hosteli ilikuwa safi, vitanda vya ghorofa, mashuka yananukia sabuni. Mzee Yohana, mtunzaji, aliwaonyesha vyumba na kuwaambia maji ya moto yapo, lakini waoge kwa zamu. Odete akawa wa kwanza. Simu yake ilikuwa imekaribia kuzimika, na huku juu mtandao ulikuwa umerudi, kwa hiyo aliichomeka kwenye chaji ukumbini, juu ya meza, mbele ya wenzake. Akachukua taulo, akaenda bafuni.

Alioga sana. Ameniambia mwenyewe kwamba alikuwa anajipangia maneno. Aanze na salamu, au aanze na msamaha? Amwite Celia, au amwite Zainabu, jina lake jipya la ndoa? Akaamua ataanza kwa kucheka, maana Celia hakuwa mtoto wa kuweza kununa mbele ya mtu anayecheka.

Alipotoka, ukumbi ulikuwa kimya.

Aliwaacha wanapiga kelele za kugombea vitanda. Sasa wamekaa kwenye mabenchi, wameinamisha vichwa, kila mmoja anachezea kamba za viatu vyake. Issa, yule mwenye redio isiyozimwa hata kanisani, alikuwa ameizima.

"Mna nini?" Odete aliuliza. "Mmekatazwa chakula?"

Latifa ndiye aliyeinuka. "Uchovu tu, shoga. Halafu ratiba imebadilika kidogo. Kesho hatutatembea, tunarudi mapema. Dereva anasema gari lina hitilafu, anataka kuwahi fundi."

"Gari lilikuwa zima asubuhi."

"Magari, si unayajua."

"Na simu yangu?"

"Umeme wa pale mbovu, imezimika. Nimekuwekea kwenye begi langu isije ikaangushwa."

Odete hakuwaza lolote baya. Nani awaze? Latifa huyu ndiye aliyelala naye sakafuni siku banda lilipoungua. Akakaa, akafunga nywele zake kwa kitambaa, akasema njaa inamuuma.

Chakula kikaja, ugali na kisamvu. Ndipo Zuberi aliponyanyuka na birika la maji na beseni, akapita mabenchi yote bila kumnawisha mtu, akaja kusimama mbele ya Odete. Akainama.

"Nawa, dada Odete," alisema.

Mikono ya Odete ikabaki hewani.

Wewe unayesoma hapa huenda umetoka mikoa mingine, huelewi. Dada ni neno zuri. Lakini Zuberi hakuwahi kumwita Odete dada tangu azaliwe. Odete aliitwa kila jina baya lililopo duniani na akalijibu. Mtani hakunawishi mikono. Mtani angemwaga maji yale mapajani mwake na kumwambia amejikojolea.

Odete akamtazama. Zuberi akatazama beseni.

"Zuberi, umeniitaje?"

"Nawa, ule."

Basi akaamua kumjaribu. Alivuta pumzi, akamtolea tusi lililo kubwa kuliko yote, lile ambalo hutunzwa kwa ajili ya siku za harusi.

"We mzee wa kichwa kama nazi ya kukuna, mpaka lini utaishi kunilia oksijeni yangu? Siku ukifa sitalia. Nitavaa nguo nyekundu, nitakuja kwenye msiba wako kucheza ngoma, na wali wa matanga nitaufunga nipeleke kwa kuku."

Hapo mtani hana ruhusa ya kunyamaza. Akinyamaza ameshindwa, na habari itafika Mtwara kabla yake. Hata mgonjwa kitandani hujibu. Watu wote walimwangalia Zuberi, wengine kwa macho ya kumwomba ajibu, ajibu chochote, amwokoe.

Zuberi akafungua mdomo. Maji ya birika yakawa yanamwagika chini, chururu, mpaka yakaisha, naye hakujua.

"Sina neno, dada," alisema. "Leo sina."

Odete akajua kuna mtu amekufa.

Mtani hukatiza utani kwa mtu mmoja tu duniani, naye ni mfiwa ambaye bado hajaambiwa. Akishaambiwa, utani unarudi, tena kwa nguvu, kwa sababu kazi ya mtani msibani ni kumchekesha mfiwa asije akamfuata marehemu. Lakini kabla hajaambiwa, mtani hana ulimi. Hilo hata mtoto wa Mahurunga analijua.

Odete hakupiga kelele. Alisimama, akamshika Zuberi mkono, akamvuta nje mpaka kwenye ukuta mfupi pale hosteli inapoishia na genge linapoanza. Jua lilikuwa linazama. Bonde la Ruvuma lilikuwa lote chini yao.

"Ni mama?" aliuliza. "Presha imempata?"

Zuberi akatikisa kichwa. Siyo.

"Mama mzima?"

"Mzima."

"Asante Mungu," Odete alisema.

Aliisema kwa moyo wote. Akashika kifua, akapumua. Mama yake ni mzee, kila simu ya Mahurunga ilikuwa ikimtia homa, na sasa mama mzima. Alikuwa amekwisha kumshukuru Mungu ndipo akili ilipofika pale ilipotakiwa kufika. Ile shukrani mpaka leo anaijutia.

"Zuberi," alisema. "Celia ana nini?"

Zuberi akakaa chini kwenye majani, mtu mzima na mvi zake, akajifunika uso kwa fulana ya kikundi.

Latifa alikuwa amewafuata. Akamkumbatia Odete kwa nyuma kwa nguvu, kama mtu anayezuia mlango usisukumwe.

"Alishikwa na uchungu alfajiri," alimwambia sikioni. "Kifafa cha mimba. Wakampakia kumpeleka hospitali, akawafia njiani. Jikaze, shoga yangu. Mungu kampenda."

Odete aliniambia hakulia. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Yalikuja maswali.

"Mmejua lini?"

"Ulipokuwa unaoga."

"Mmejua, mkaniwekea ugali?"

"Tungekwambiaje huku mlimani? Si ndivyo inavyofanywa? Mtu huambiwa akishafika kwao, katikati ya ndugu zake. Umesahau Riziki? Aliambiwa msiba kwa simu akiwa stendi, mzigo kichwani, akaanguka pale pale na mpaka leo mkono mmoja haunyanyuki. Niliapa sitaruhusu tena. Nilitaka nikufikishe Mahurunga mikononi mwa mama yako, huku unajua ni ugonjwa tu."

Na mimi msimulizi nani wa kumlaumu Latifa? Ndivyo tulivyolelewa. Umepata msiba uko mbali, utaambiwa baba anaumwa, njoo. Utafika ukute watu wameketi mkekani, ndipo uelewe. Tumefanyiana hivi vizazi na vizazi na tunaita huruma. Nami nimewahi kufanyiwa, na nimewahi kufanya.

Lakini Odete alikuwa anafikiri mbele zaidi.

"Twende sasa hivi," alisema. "Mwamsheni dereva. Waislamu hawalazi maiti. Lazima nimwone kabla hawajamfunika."

Latifa akalegeza mikono.

"Latifa. Wameshazika?"

Latifa akageuza uso.

"Wamezika bila mimi? Nelio amekubali wamzike mwanangu bila mimi? Hata kunipigia simu?"

"Alipiga," Zuberi alisema kutoka kule chini kwenye majani. "Mwambie, Latifa. Mimi nilikukataza. Mwambie mwenyewe."

Latifa akakaa naye. Akaanza kuzungusha pete yake kidoleni.

"Simu yako ililia pale mezani," alisema. "Nikaona jina la Nelio. Nikapokea nimwambie uko bafuni. Sikuwahi hata kusema haloo. Akaanza hapo hapo: Dada, Celia ametutoka, kifafa cha mimba, tukiwa njiani kwenda hospitali. Mtandao unakata, analia. Akasema watu wa Ziwani wanataka kuzika alasiri, lakini wamesema mama mtu akitaka asubiriwe watasubiri mpaka kesho. Akauliza, dada, tukusubiri?"

"Ukasemaje?"

"Nilijua nikisema siyo Odete, atasema mpe Odete. Na wewe nilikusikia huko bafuni unaimba."

"Latifa, ukasemaje?"

"Nikasema, zikeni."

Odete akageukia bonde.

"Kwa sauti ya chini," Latifa aliendelea, sasa analia. "Hakujua kama siyo wewe. Akataka kuongea zaidi, nikamwambia basi, yatosha. Nikazima simu. Nilidhani nakuokoa, Odete. Wallahi nilidhani nakuokoa."

Kuna watu wangempiga. Kuna watu wangemsukuma genge lile likamaliza kazi. Odete alinyoosha mkono tu kwa Zuberi akamwambia, "Simu yako."

Zuberi akampa. Mtandao ulikuwa mzuri, kumbe. Nelio akapokea upesi, akidhani ni Zuberi, na sauti yake ikawafikia wote watatu.

"Binamu, mmemlisha nini huyo dada yangu hata akatujibu vile?"

"Nelio, ni mimi."

Nyuma yake zilisikika sauti za watu wanaokunja turubali.

"Ni mimi, Odete."

"Nakusikia."

"Ndiyo kwanza naambiwa sasa hivi. Mchana hukuongea na mimi. Aliyepokea ni Latifa. Mimi nilikuwa naoga, Nelio, sikujua kitu."

"Ni namba yako, dada."

"Ni namba yangu lakini siyo mimi. Nakuapia kwa kaburi la baba."

"Usinitajie makaburi leo." Sauti ya Nelio haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Unajua niliongea nawe nikiwa wapi? Nilikuwa nimekaa mkekani, wakwe upande huu, sisi upande huu. Baba yake Rashidi akasema mama asubiriwe, ni haki yake. Mzee wa watu alikutetea. Akasema, pigeni simu, tumsikie kwa kinywa chake. Nikaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Wote wakakusikia."

Odete akashikilia ukuta.

"Mama alisikia?"

"Alikuwa amekaa pembeni yangu. Ulipokata simu alivua kilemba chake, akakikunja, akanyamaza. Mpaka sasa hajaongea."

"Nipe niseme naye. Nelio, mdogo wangu, nipe mama."

"Mama hayupo hapa. Amewasindikiza wakwe mpaka barabarani. Amekataa kumwachia mtoto, wamelazimika kutembea naye hivyo hivyo mpaka kwenye gari."

"Mtoto yupi?"

Odete akauachia ukuta.

"Nelio, mtoto gani?"

"Ina maana kweli hujui?"

"Nimekwambia sijui kitu. Niliambiwa Celia amefia njiani. Nilidhani wote wawili."

"Alimzaa humo humo garini. Mama alimpokea kwa kanga yake. Celia alimwona, akamshika kidole, ndipo akaenda."

Zuberi aliyesikia vyote akanyanyua uso. Latifa akaacha kulia. Hata yeye hili hakulijua, maana alikuwa amezima simu kabla halijasemwa. Odete alikuwa amekaa chini sasa, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Basi wasimchukue. Nelio, kimbia barabarani. Wewe ndiye mjomba, wewe ndiye mwenye kauli. Mtoto ni wa kwetu, ni wa kwa mama yake, tangu lini mtoto akaondoka kwa bibi? Mwambie baba yake Rashidi nakuja usiku huu huu. Nitamlea mimi."

"Nilisema hivyo mchana, dada, kabla hawajazika. Nilisema mtoto atakwenda Shangani kwa bibi yake. Baba mkwe akasema sawa, hana neno, ila bibi mwenyewe aseme. Ndiyo maana sikukata simu. Baada ya kuniambia zikeni, nilitaka tumalize na hilo la mtoto."

"Sasa kama alikubali, mbona wanaondoka naye?"

"Kwa sababu walisikia ulivyonijibu, wakaona humtaki. Na kauli yangu nayo iliishia hapo. Ningewaambia nini?"

Odete aliisikia injini ya gari ikiwashwa kule alikokuwa Nelio, na sauti ya mwanamke mzee ikipanda juu ya sauti ya injini. Aliitambua.

"Nelio," alisema. "Ni wa kike au wa kiume?"

Gari likasikika linaondoka.

"Hilo ndilo neno nililotaka kukwambia mchana," alisema. "Ukaniambia basi, yatosha."

Akakata simu.